Sumaku ya Ng'ambo ya Ziwa

Nasimulia safari hii nikiwa na hasira, nisimfiche mtu. Tangu nirudi, wanawake wenzangu wa soko la Mudzipela, hapa Bunia, wananiuliza Kampala kuko namna gani. Wanataka habari za magorofa na vitenge. Magorofa niliyaona kwenye dirisha la gari. Vitenge sikununua hata kimoja. Nilikwenda kutafuta picha ya kichwa cha mjukuu wangu, na anayetaka habari za Kampala itabidi asikilize kwanza habari za kichwa hicho.

Mjukuu wangu anaitwa Heritier, mtoto wa kwanza wa binti yangu Deborah. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akaanza kucheka mapema. Alipojifunza kukaa, hakukaa siku nyingi, akaanza kuanguka upande kama gunia lililofunguka. Kila asubuhi alitapika. Kichwa kikakua kupita shingo. Utosi, ambao kwa mtoto unatakiwa uwe laini na umetulia, ukavimba na kukaza. Halafu macho yakaanza kutazama chini. Ulimwita, ukampigia makofi juu ya uso, macho yakabaki chini na weupe ukaonekana juu ya mboni.

Kwenye kituo cha afya walisema ni malaria. Wakampa dawa, akaitapika. Tukarudi, wakasema ni malaria ileile haijaisha. Mara ya tatu wakasema minyoo, na mtoto alikuwa hajala kitu zaidi ya ziwa la mama yake. Jirani mmoja aliyetokea mtaa wa Ngezi akasema ni meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi, yang'olewe haraka. Nilimwambia akigusa ufizi wa Heritier, mimi nitagusa wake. Miezi ikaenda hivyo. 

Mwishowe tulimpata daktari kijana kwenye hospitali moja ya mjini, mwenye mashine ya eko, ile inayotumika kutazama mimba. Alimpaka Heritier mafuta utosini, akapitisha kile chombo, akanigeuzia kioo, Debo akiwa amebaki nyumbani.

"Mama, hii nyeusi yote ni maji," akasema. "Na huku nyuma kuko kitu inaziba njia ya maji. Mi naona kivuli yake tu. Juu ya kujua ni nini na iko wapi kabisa, inaomba IRM."

Nikamuuliza IRM ni mnyama gani. Akanieleza kwamba ni mashine yenye sumaku kubwa, mtu anaingizwa ndani kama mkate unavyoingizwa kwenye tanuri, na sumaku hiyo inachora ubongo wote bila kukata hata ngozi. Nikamuuliza iko wapi.

"Hapa Bunia haiko. Kampala iko."

"Na bila hiyo?"

"Bila hiyo, mama, hakuna muganga atakubali kupasua kichwa ya mutoto asipoona kwenye kisu inaenda. Na maji itaendelea kujaa."

Nikatoka nikasimama barabarani. Hapa Ituri watu wanachimba dhahabu tangu enzi za babu zetu. Inatoka kwa ndege, inatoka kwa mitumbwi, inatoka ndani ya soli za viatu. Huko inakokwenda wananunua mashine, siye tunabaki na mashimo yenye maji ya mvua. Sikuwa na mtu wa kumwambia hayo, nikamwambia mwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyesimama mbele yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, halafu akaniuliza tena kama naenda.

Mudzipela, siku ya kuamkia safari. Jua lilikuwa bado liko juu mkwe wangu alipofika kutoka Mongbwalu, kwenye shimo lake la dhahabu. Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Kwetu, mkwe mwanaume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai kwenye mkeka mmoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, nimelelewa nayo. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mkewe, na mkewe ananiambia mimi. Nami nikitaka kumjibu napitia njia hiyohiyo. Basi Baba Heritier alisimama nje karibu na jiko, ubavu ukinielekea, akausalimia ukuta. Mimi nikaiitikia sufuria. Akamwita Debo na mtoto nyuma ya nyumba. Waliporudi, Heritier alikuwa amevalishwa kofia ya sufi, imefungwa kamba chini ya kidevu.

Baba mtu alipokwisha kwenda kulala kwa kaka yake, nilimuuliza binti yangu mtoto amepakwa nini.

"Udongo wa shimo yake, mama," Debo akasema. "Bachimbaji ya kule, mutoto wao hawezi vuka maji makubwa bila udongo wa shimo ya baba yake kwa utosi. Ni juu arudi kwao. Anasema tusimunawishe kichwa mpaka siku tutarudia Bunia."

Maneno mengi yalinijia mdomoni. Lakini mtu alikuwa ametoka mbali kuja kumuaga mtoto wake, bila kujua kama atamwona tena, na udongo niliona ni udongo. Nikaendelea kufunga mizigo.

Asubuhi, barabara ya Bogoro. Tulipanda gari linalokwenda kuchukua samaki Kasenyi, maana samaki ninaouza wanapandia njia hiyo na dereva ananijua. Debo alikaa katikati, Heritier mapajani mwake, mimi mlangoni. Kwenye kizuizi cha kwanza, kijana mwenye bunduki alitaka tuache kitu. Nikashuka na mtoto mikononi, nikamwonyesha. Yale macho yalikuwa yanatazama chini kama ya mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Kijana akatazama, akageuza uso, akashusha kamba. Kwenye kizuizi cha pili mwenzake naye alitazama, akasikitika sana, na akataka kitu vilevile. Nilimpa, na nikamwambia kile ninachofikiria juu yake, mpaka dereva akaniomba kwa mikono miwili nirudi ndani ya gari.

Baada ya Bogoro nchi inashuka. Ukiwa juu pale unaliona Ziwa Albert lote, na upande wa pili milima ya Uganda. Siku zote nikifika hapo nahesabu samaki wangu kichwani. Siku ile nilitazama tu yale maji, nikaona kwamba mashine ya kumwokoa mtoto wetu imewekwa nyuma yake, na sisi tumepewa mtumbwi.

Kasenyi hatukukaa. Mtumbwi wenye injini ulikuwa unajaa abiria wa kwenda Ntoroko, upande wa Uganda. Mwenye mtumbwi alitufunga makoti ya kuelea, akamtafutia Debo mahali pa chini katikati ambapo maji hayaruki. Upepo ulikuwa mdogo. Debo alishika kofia ya mtoto kwa mkono mmoja safari nzima, asije akafunuka utosi.

"Mama," akaniambia tulipofika mahali ambapo huoni vizuri ng'ambo yoyote, "na picha ikionyesha mubaya?"

"Ubaya iko ndani tayari," nikamjibu. "Picha itatuonyesha tu kwenye iko."

 Nilijuta namna nilivyomjibu, nikamsogezea kitenge changu miguuni.

Ntoroko ni mahali pa tambarare, pana vumbi na harufu ya samaki wa kukaushwa, na kwa muda mfupi nilijisikia niko nyumbani. Maofisa wa mpaka walitazama karatasi ya daktari wa Bunia, wakatazama mtoto, wakatupitisha bila maneno mengi. Kutoka pale tulipanda gari la kwenda Fort Portal. Barabara yao ni ya lami tangu mbali. Kila tulipopita mahali laini nilizidi kununa, na Debo akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia naumwa barabara.

Njiani, kwenye mashamba ya chai, Heritier alimtapikia mwanamke aliyekaa karibu nasi. Mwanamke yule hakujua lugha yetu, wala sisi yake. Alijifuta, akatoa kanga yake safi ndani ya mfuko, akamfunika mtoto kifuani. Tulipofika Fort Portal, ambako tulilala kwenye nyumba ya wageni, nilitaka kumrudishia, akakataa kwa kichwa.

Kampala tulipokelewa na Mama Safi. Huyu tulikuwa tunauza samaki pamoja Bunia, kabla hajakimbia vita na kubaki huko moja kwa moja. Anaongea lugha zao zote, na mdomo wake haujabadilika.

"Umezeeka, Mama Debo," alinisalimia hivyo.

"Na weye umenona. Tupeleke kwa hospitali."

Kwenye hospitali tulimwona daktari wa kupasua vichwa, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpima Heritier kichwa kwa utepe kama wa fundi cherehani, akamulika macho, akamwinua mikono. Kisha akasema jambo kwa Kiingereza, na Mama Safi akasita kulitafsiri.

"Anauliza nini?" nikasema.

"Anauliza juu ya nini mulichelewa hivi."

 Nilitaka kumweleza malaria mbili na minyoo, vizuizi, maji ya ziwa lote. Nilipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa kifupi. "Mwambie hatukuchelewa. Tulikuwa njiani."

Mama Safi akatafsiri. Yule daktari alinitazama, akanishika bega, akaandika mtoto apigwe picha kesho yake asubuhi. Alisema maji kichwani yameshabana, na akishaona picha ataamua kama anaweza kukiondoa kile kitu au la. Kila kitu kilisimama juu ya picha hiyo.

Chumba cha mashine kiko chini, kina baridi. Mpiga picha alikuwa kijana anayeitwa Opio, aliyesoma Nairobi, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, yeye chake na sisi chetu. Mtoto alikatazwa kunyonya tangu alfajiri kwa ajili ya dawa ya usingizi, na alilia mpaka maziwa ya Debo yakalowanisha blauzi.

"Tafadhali, chuma chochote kisiingie humu," Opio alisema. "Pini, vifungo, shanga zenye waya. Hii ni sumaku."

Debo alimvua mtoto kila kitu. Kofia ilipotoka, Opio akaona utosini gamba jeusi, limekauka kama ukoko wa ugali.

"Hii ni nini?"

"Udongo," Debo akajibu.

"Udongo tu?"

"Udongo tu."

Alisugua kidogo kwa pamba yenye maji, halikutoka, akaliacha. Mama wa dawa ya usingizi akafanya kazi yake. Mimi na Debo tukawekwa nje ya mlango mzito. Mashine ilianza kugonga kama mtu anayepigilia mabati. Debo alikuwa anaomba kwa sauti ndogo. Mimi nilitazama sakafu.

Ugongaji ukakatika mapema. Opio akatoka, akatuita kwenye kioo chake.

Nisiwafiche, mimi sijasoma picha za ubongo, lakini hata kipofu angejua kuna kasoro. Kidevu kilikuwapo, na pua. Kuanzia kwenye macho, kichwa kilikuwa kimepinda na kuvutwa juu, na juu pale, kutoka utosini kushuka mpaka katikati, palikuwa na shimo jeusi tupu. Hata kule nyuma, kwenye kile kivuli cha daktari wa Bunia, mistari ilikuwa imejikunja hovyo.

"Kuna chuma kwenye kichwa cha mtoto huyu," Opio alisema.

"Hakuna," nikasema.

"Mama, ninaona picha kama hizi mtu akisahau kibanio cha nywele. Hii ni zaidi ya kibanio. Huo udongo umetoka wapi?"

 Debo alichukua simu, akampigia mumewe, na kwa bahati mtandao wa Mongbwalu ulikuwepo. Nikamsikia anaongea polepole, anazungukazunguka, mara anasema "ndiyo Papa Heri", mara anasema "hapana, ni ile picha". Sikungoja. Nilimpokonya simu. Heshima iliishia pale, mbele ya mashine ya watu.

"Baba Heritier, ni mimi."

 Nilisikia pampu za maji za mgodini kwa nyuma.

"Ni mimi, mama mukwe wako. Ulimupaka mutoto nini?"

"Mama," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ngeni kwangu kwa sababu haijawahi kunielekea. "Ni ule mchanga mweusi. Ule inabakia kwa sahani tukimaliza kuosha dhahabu."

"Ule munatoa na sumaku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi weye kila siku unashika sumaku kwa mukono yako. Unaona mchanga ile inaruka kushika. Na sisi tunamupeleka mutoto ndani ya sumaku kupita zote."

Pampu zikaendelea.  Halafu akasema, "Debo aliniambia mutoto anaenda kupigwa picha. Picha, mama. Mi sikujua picha inapigwa na sumaku."

Hapo ndipo hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa. Daktari wa Bunia aliniambia mimi sumaku. Mimi nilimwambia Debo IRM, maana niliona ndilo neno lenye uzito. Debo akamwambia mumewe picha. Neno lilipita kwa watu watatu wa familia moja, wawili kati yao wamesimama hatua chache kila mmoja akiongea na ukuta wake, na lilipofika kwa mwenye mchanga halikuwa na sumaku ndani. Angeambiwa hilo neno moja, mchimbaji yule angeelewa kabla sijamaliza kulisema. Niliwakasirikia wote, na mimi nilikuwa mmoja wao.

"Niambie vile inatoka," nikamwambia.

Akaniambia. Mchanga ule waliuchanganya na utomvu wa mti ili ushike, kwa hiyo maji peke yake hayafui dafu. Kwanza mafuta ya mawese yenye joto kidogo, yakae. Kisha sabuni. "Na ukimaliza, mama, tafuta sumaku. Ifunge ndani ya sachet ya plastiki. Pitisha polepole juu ya nywele, usifinye. Mchanga itashika kwa sachet. Ondoa sumaku ndani, mchanga itaanguka. Rudia mpaka sachet itoke safi. Siye tunafanya vile kwa sahani, hakuna hata chembe inabakia."

Nilikata simu bila kuaga. Opio akasema tutapangiwa wiki ijayo, kwa sababu mashine ina wagonjwa wengi na mtoto hawezi kulazwa usingizi tena siku hiyo. Nikakaa chini sakafuni, mbele ya mlango wake. Nilimwambia kwamba wiki ijayo kichwa kile kitakuwa kikubwa kuliko leo, na mimi nitakuwa bado nimekaa hapo. Hakujua afanye nini nami. Alikwenda kumwita daktari mrefu, naye akatazama ile picha iliyoharibika, akatazama utosi, akaongea na Opio maneno machache. Tuliambiwa turudi kesho, kabla ya wagonjwa wengine wote, kichwa kikiwa safi.

Kwa Mama Safi, uani, jua likiwa bado kali. Alikuwa na redio mbovu, tukavunja spika yake na kutoa sumaku. Debo alimpakata mwanawe, mimi nikapiga magoti mbele yao. Mawese yalilainisha lile gamba, nikawa nalitoa kwa kitambaa kidogo kidogo. Nikaosha kwa sabuni, nikaosha tena, mpaka utosi ukang'aa. Ungeuona ungesema mchanga umekwisha.

Ndipo nikafunga sumaku ndani ya sachet ya chumvi, nikaipitisha. Mchanga ulisimama kutoka kwenye nywele za mtoto, mweusi, kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Nikaondoa sumaku, nikaukung'uta ndani ya sachet nyingine. Nikarudia. Chini ya vidole vyangu utosi ule uliovimba ulikuwa unapiga, unapiga. Nilikuwa namtukana Baba Heritier kwa kila tusi nililorithi, na la mama yake pia, lakini mkono wangu ulikwenda pole kabisa, kama nilivyoambiwa na yeye.

"Mama, usimutukane sana," Debo alisema huku machozi yanamdondokea mtoto shavuni. "Alitaka tu arudi."

"Nyamaza, mushike kichwa."

Tuliendelea mpaka sachet ikawa inatoka safi, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Ule mchanga nikaufunga fundo, nikautia kwenye mkoba pamoja na ile sumaku.

Kesho yake asubuhi mashine iligonga mpaka mwisho. Daktari mrefu alikuja mwenyewe kwenye kioo, akatuita. Nikaona kichwa cha mjukuu wangu kizima, kama tunda lililokatwa katikati. Mikunjo ya ubongo ilikuwa imebanwa pembeni na maji. Na kule nyuma, chini, karibu na shingo, kulikuwa na kitu cheupe cha duara, ukubwa wa ndimu ndogo, kimekaa kama mwenye nyumba. Nilikichukia kwa macho yangu yote. Lakini nilikuwa nakiona.

Daktari akapitisha kalamu pembeni mwake, akaongea, na Mama Safi akatafsiri bila kusita. "Anasema anaona njia ya kupita. Anasema jana hakukuwa na njia, leo iko."

Debo alikaa chini palepale.

Walimwekea kwanza mrija wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni. Siku chache baadaye wakafungua nyuma. Sitasimulia kungoja kule, kila mwenye mtoto anaweza kuwaza mwenyewe. Daktari alipotoka alisema ameondoa karibu chote. Kipande kidogo amekiacha, kwa sababu kimeshikana na mahali panapoamrisha pumzi, na asingeweza kukigusa mtoto akabaki hai. Itabidi arudishwe apigwe picha nyingine baada ya miezi, waone kama kile kipande kimelala au kinakua. Nikamuuliza kama amepona. Alijibu kwamba atajua kwenye picha hiyo. Nilikasirika hata kwa jibu hilo, ingawa lilikuwa la kweli. Siku ya kuagana alinikataza jambo moja: sumaku isikaribie tena kichwa cha mtoto nyumbani, ule mrija usije ukaharibika.

Kurudi. Wiki nyingi zilikuwa zimepita, na mashamba ya chai yalikuwa yamechumwa. Ntoroko tulipanda mtumbwi uleule. Heritier alikuwa amelala kifuani kwa Debo, kichwa wazi, mshono nyuma ya shingo, na alipoamka katikati ya ziwa macho yake yalipanda. Yalimfuata ndege mmoja mweupe mpaka alipotoweka. Nilimwona Debo ameona.

"Tunavuka bila udongo," akaniambia baadaye.

"Udongo iko kule tunaenda," nikamjibu.

Kasenyi, Bogoro, vizuizi vilevile, watu walewale na mikono yao. Yule aliyesikitika siku ile alinikumbuka, akauliza mtoto anaendeleaje. Nilimwambia anaendelea, na kwamba safari hii sitoi kitu. Akatuacha.

Mliotaka habari za Kampala, haya ndiyo niliyotoka nayo huko. Mtoto akitapika kila asubuhi, utosi ukavimba na kukaza, macho yakalala chini, usimkubalie mtu anayekuambia malaria mara ya pili. Kaa kwenye mlango wake. Ukiambiwa kitu na daktari, kipeleke kizima mpaka kwa mwenye mtoto, hata kama ni mkwe wako, hata kama itabidi umtazame usoni. Na wale wanaotoa dhahabu yetu hapa, wakubwa wao na wetu, waje wanieleze kwa nini sumaku inayofika kwetu ni ile ya kusafishia dhahabu yao tu. Nitawasikiliza. Sitanyamaza, lakini nitawasikiliza.

Tulipofika Mudzipela, Baba Heritier alikuwa amesimama karibu na jiko, ubavu ukinielekea, kama siku ile. Alikuwa ametoka moja kwa moja mgodini. Matope ya Mongbwalu yalikuwa bado kwenye suruali. Debo akamwendea na mtoto. Yeye akanyoosha mikono.

"Ngoja," nikasema.

Nilimwambia Debo aingie na mtoto ndani ya nyumba, afunge mlango. Nikatoa kwenye mkoba ile sachet yenye fundo, nikaiweka juu ya jiwe la jiko, aione.  Kisha nikatoa ile sumaku ya redio, nikaifunga ndani ya sachet mpya.

"Leta mukono," nikamwambia.

Alirudi nyuma hatua moja. "Mama, haifae."

"Leta."

Akaleta, uso ameuelekeza pembeni. Nikaushika. Ulikuwa mkono mgumu, wenye nyufa. Nikapitisha sumaku juu ya vidole, kwenye kucha, kwenye nyufa za kiganja. Mchanga ukasimama. Nikaukung'uta, nikarudia. Nikapitisha kwenye mkono wa pili, kwenye pindo za mikono ya shati, kwenye mfuko wa kifuani, na humo ndimo ulimokuwa mwingi. Majirani walikuwa wamesimama uani kwao wakishangaa mwanamke wa umri wangu anayemshika mkwe wake mchana kweupe. Sikuwajali. Machozi yalikuwa yanamtoka Baba Heritier, naye hakuyafuta, kwa sababu mikono yake nilikuwa nayo mimi.

"Mi nilitaka tu kumukinga," akasema.

"Najua. Ndio maana nina hasira."

"Safari ya picha ingine, mama, niko naenda na nyiye."

"Utaenda. Na maneno ya daktari utasikia na masikio yako, hapana kupitia kwa mtu."

Nikapitisha mara ya mwisho. Nikageuza sachet kwenye jua, upande huu, upande ule. Ilitoka safi. Nikaifunga sumaku ndani ya kitambaa, nikaiweka mbali juu ya paa la jiko, nikaenda kumfungulia Debo mlango.

"Sasa mubebe," nikamwambia.